Asilimia ya AI kwenye tasnifu yako inapima nini hasa?

Kila tasnifu zinapoanza kupelekwa kwa wasimamizi, swali moja huzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya wanachuo: "Yako imesoma ngapi?" Zamani swali hilo lilikuwa na jibu moja. Siku hizi ripoti ya programu inayokagua kazi inatoka na namba mbili, na watu wengi, wahadhiri wakiwamo, wanazichanganya. Mmoja anasema chuo chake kinataka isizidi asilimia 20. Mwingine kaambiwa iwe sifuri. Wa tatu kamlipa kijana wa steshenari "amshushie AI". Wapo waliorudishiwa kazi waliyokesha nayo wenyewe wakiambiwa imeandikwa na mashine, na wapo waliopeleka kazi ya mashine ikapita bila kuguswa.

Fundo hili linafunguka, ila linataka subira kidogo, kwa sababu kuna watu wanapoteza mwaka mzima wa masomo kwa namba ambayo hata aliyewahukumu nayo hajui imetoka wapi. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: asilimia ya kitambuzi cha AI, yaani programu inayokisia kama maandishi ni ya mashine, haitoshi kuwa ushahidi wa udanganyifu, na chuo kinachomwadhibu mwanafunzi kwa namba hiyo peke yake kinamdhulumu.

Namba mbili zisizo ndugu

AI ni akili unde, au akili mnemba kama wengi wanavyoiita: programu zinazofanya kazi ambazo tulizoea kudhani lazima zifanywe na akili ya mtu. Aina zake ni nyingi. Inayosumbua vyuo ni ile inayotunga maandishi. ChatGPT, iliyotoka Novemba 30, 2022, ndiyo iliyoifikisha mikononi mwa watu wa kawaida. Gemini na nyingine zikafuata. Kinachoziendesha kwa ndani kinaitwa modeli ya lugha.

Namba ya kwanza kwenye ripoti ni ya kufanana. Mfumo kama Turnitin, ambao vyuo vingi vya Afrika Mashariki vinautumia, unachukua kazi yako na kuilinganisha na kurasa za mtandaoni, makala za majarida na kazi za wanafunzi zilizokwisha kuhifadhiwa. Ukibeba aya nzima ya mtu mwingine, aya hiyo inapakwa rangi, na mhadhiri akibofya pale anaonyeshwa ilikotoka. Namba hii nayo inahitaji kusomwa kwa macho: orodha ya marejeo, jina refu la chuo, kifungu cha sheria ulichonukuu kihalali, vyote huweza kuipandisha. Lakini ina kitu cha kushika. Mwanafunzi na mhadhiri wanaweza kukaa pamoja, wakafungua chanzo, wakabishana juu ya sentensi ambayo wote wawili wanaiona.

Namba ya pili ni ya AI, na Turnitin iliiongeza Aprili 2023. Hapa hakuna chanzo cha kufungua. Ukibofya sehemu iliyopakwa rangi hupelekwi popote. Programu inasema tu kwamba maandishi haya yana mwenendo wa maandishi ya mashine. Tofauti ya namba hizi mbili ni kama kumkuta mtu na kuku wa jirani kwapani, na kumkamata mtu njiani kwa sababu anatembea kama wezi wa kuku wanavyotembea. Wa kwanza ana la kujibu. Wa pili huenda ni mwizi kweli, lakini kuku hayupo.

Mashine inatungaje sentensi

Nikikwambia "haraka haraka haina", umeshamalizia kabla sijafunga mdomo. Hukufungua kitabu. Umeisikia mara nyingi mno hata neno linalofuata linajileta lenyewe. Modeli ya lugha hufanya jambo la namna hiyo kwa kiwango kikubwa kupita kiasi. Imepitishwa kwenye maandishi mengi kuliko anavyoweza kusoma mtu maisha yake yote, ikajifunza ni maneno gani huelekea kuandamana. Ukiiuliza swali, inakokotoa: baada ya maneno haya, hili lina nafasi kubwa ya kufuata, lile ndogo, lile karibu hakuna. Inachagua moja, inaliunga, inakokotoa tena. Na uchaguzi wenyewe una bahati nasibu kidogo ndani yake, ndiyo maana ukiuliza swali lilelile mara mbili unapata majibu mawili yasiyofanana neno kwa neno.

Hapo ndipo inapoanguka imani ya kwanza, kwamba AI "inakopi mtandaoni na kupesti". Ingekuwa inafanya hivyo, ripoti ya kufanana ingeikamata siku ya kwanza. Mara nyingi sentensi inazotoa hazikuwahi kuandikwa popote, kwa hiyo hakuna pa kuzilinganisha.

Na hapohapo ndipo unapotoka ugonjwa wake mkubwa. Kwa kuwa inatafuta maneno yanayoelekea kufuatana, inaweza kutunga jambo lenye sura ya ukweli lisilo kweli. Wasimamizi wa tasnifu wanaujua ugonjwa huu kwenye marejeo. Rejeo la kubuni lina sura yake: jina ni la mtaalamu aliyepo, tena anayeandika juu ya mada hiyohiyo, jarida lipo, mwaka unawezekana, namba za kurasa zimekaa vizuri. Ukifungua toleo lile la jarida, kurasa zile zina makala ya mtu mwingine kabisa, juu ya jambo jingine. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York, katika kesi ya Mata dhidi ya Avianca, walipeleka mahakamani hoja zenye kesi za rejea ambazo hazikuwahi kuamuliwa na mahakama yoyote; ChatGPT ilikuwa imezitunga. Walipigwa faini ya dola 5,000.

Kwa msimamizi, rejeo la namna hiyo lina uzito kuliko asilimia yoyote ya kitambuzi. Linaweza kutafutwa maktaba, likakosekana, na mwanafunzi akatakiwa kueleza alilisoma wapi.

Kitambuzi kinaangalia nini

Kama mashine huchagua maneno yanayotabirika, basi, walifikiri wabunifu, maandishi yanayotabirika sana yatakuwa ya mashine. Ndiyo hoja iliyokuwa nyuma ya vitambuzi vya mwanzo. GPTZero, kilichotolewa Januari 2023 na Edward Tian akiwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Princeton, kilipima mambo mawili: ni kwa kiasi gani kila neno lingeweza kubashiriwa kutokana na yaliyotangulia, na ni kwa kiasi gani sentensi zinapanda na kushuka. Mtu akiandika huchanganya sentensi ndefu na fupi, mara hunyooka, mara hukatiza. Mashine ya wakati ule ilikwenda mwendo mmoja.

Vitambuzi vya sasa vimeongeza mbinu. Vinafundishwa kwa mifano mingi ya maandishi ya watu na ya mashine mpaka vijifunze vyenyewe kutofautisha. Hata hivyo kinachotoka mwishoni ni makadirio: maandishi haya yanafanana zaidi na kundi hili kuliko lile. Hakuna alama ya siri ndani ya sentensi inayosema nani aliiandika. Ndiyo maana Katiba ya Marekani, iliyoandikwa mwaka 1787, iliwahi kupitishwa kwenye kitambuzi ikaitwa kazi ya AI. Maneno yake yamenukuliwa mara nyingi mno katika maandishi yaliyofundishia mashine, kila moja linatabirika.

OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, ilitoa kitambuzi chake yenyewe Januari 31, 2023. Kwa vipimo vyake, kilitambua asilimia 26 tu ya maandishi ya AI, na asilimia 9 ya maandishi ya watu kiliyasingizia. Julai mwaka huohuo ikakiondoa kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Nawaomba wahadhiri waliokwisha kuamua kuziamini namba hizi walifikirie hilo: walioijua mashine kuliko mtu yeyote walijaribu kuitambua, wakaacha.

Kwa nini Kiingereza chetu kinashukiwa

Hapa ndipo jambo hili linapotugusa moja kwa moja, na ndipo ninapokasirika.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha mwaka 2023 matokeo ya jaribio jepesi kulielewa. Walichukua insha 91 za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, wakazipitisha kwenye vitambuzi saba. Kwa wastani asilimia 61 ya insha hizo ziliitwa kazi ya AI. Insha 89 kati ya 91 zilishukiwa na angalau kitambuzi kimoja. Insha za watoto wa darasa la nane wa Marekani, kwenye vitambuzi vilevile, karibu zote zilitambuliwa sawasawa kuwa ni za watu.

Sababu si ngumu kuiona. Anayeandika kwa lugha ya kujifunza ana akiba ndogo ya maneno. Anatumia neno analoliamini, siyo lile la ajabu ajabu. Anajenga sentensi kwa kielelezo alichofundishwa na kusahihishwa. Kwa hiyo maandishi yake yanatabirika, na kutabirika ndicho kitambuzi kinachokishuku.

Sasa mchukue mwanafunzi wa Tanzania aliyetoka shule ya msingi ya serikali. Nyumbani kwao ni Kisukuma. Darasa la kwanza hadi la saba amesoma kwa Kiswahili. Kidato cha kwanza masomo yote, isipokuwa Kiswahili, yanageuka Kiingereza ghafla, na kwa miaka sita anafaulu kwa kushika mitindo: namna ya kuanza insha, namna ya kufunga aya, viunganishi vilevile mwanzoni mwa kila hoja, kwa sababu vinamletea maksi. Anafika chuo, anaandika sura ya pili ya tasnifu kwa Kiingereza kisafi, kilichonyooka, kisicho na mbwembwe. Kabla hajaipeleka anaipitisha kwenye programu ya kusahihisha sarufi, nayo inazidi kuinyoosha. Kisha anaambiwa: asilimia 58, AI.

Watafiti walewale walifanya jambo jingine. Waliichukua ChatGPT wakaiambia ipambe insha za TOEFL kwa maneno mengi zaidi, kama ya mzungumzaji mzawa. Baada ya kupambwa na mashine, insha zilizosingiziwa zilishuka kutoka asilimia 61 hadi karibu 12. Maana yake ni kwamba mwanafunzi aliyeandika mwenyewe alishukiwa, na aliposaidiwa na AI akawa salama. Sijui namna nyingine ya kumfundisha kijana kudanganya iliyo na nguvu kuliko hiyo.

Haki itendeke pande zote: Turnitin haikuwa miongoni mwa vitambuzi saba vile, na kampuni hiyo imesema vipimo vyake yenyewe havikuonyesha tatizo hili kwa maandishi marefu ya kutosha. Vitambuzi vingine navyo vimebadilishwa tangu 2023. Lakini GPTZero na ZeroGPT vilikuwamo, na vya jinsi hiyo ndivyo ambavyo mhadhiri asiye na akaunti ya chuo anavifungua bure kwenye simu, akabandika aya ya mwanafunzi, akasoma namba, akaandika uamuzi.

Na tasnifu za Kiswahili je? Kitambuzi cha Turnitin kilianza kwa Kiingereza pekee. Kihispania kikaongezwa 2024, Kijapani 2025. Anayetaka kukipa neno la mwisho juu ya kazi ya fasihi au isimu ya Kiswahili na aulize kwanza kama chombo hicho kilitengenezwa kwa lugha hiyo.

"Kosa ni chini ya asilimia moja"

Turnitin ilipotoa kitambuzi chake ilisema kosa la kumsingizia mtu ni chini ya asilimia moja, kwa kazi zilizoonyesha angalau asilimia 20 ya AI. Asilimia moja inasikika kama si kitu. Chuo Kikuu cha Vanderbilt cha Marekani kilipiga hesabu. Mwaka 2022 kilikuwa kimepitisha kazi 75,000 kwenye Turnitin. Asilimia moja yake ni kazi 750 ambazo zingeweza kubandikwa jina la AI kwa makosa. Agosti 2023 chuo hicho kikakizima kitambuzi.

Kuna jambo ambalo hesabu hiyo haionyeshi. Kosa hili haligawanywi kwa kura, kwamba leo limempata huyu na kesho yule. Linafuata mtindo wa kuandika. Mwanafunzi ambaye uandishi wake unafanana na wa mashine atashukiwa kwenye asaimenti ya mwaka wa kwanza, atashukiwa kwenye ripoti ya mafunzo kwa vitendo, atashukiwa tena kwenye tasnifu. Kamati ikimwona mara ya tatu itasema huyu ni mzoefu, kumbe ni kosa lilelile moja linamrudia mtu mmoja.

Kampuni yenyewe inajua mipaka yake kuliko baadhi ya wateja wake. Ripoti ya Turnitin haionyeshi tarakimu kwa kazi zilizo kati ya asilimia 1 na 19. Huweka alama ya nyota, kwa sababu hapo uhakika ni mdogo zaidi. Imekiri pia kwamba huachia takribani asilimia 15 ya maandishi ya AI yapite ili isiwasingizie wengi. Na ripoti ina onyo kwamba matokeo yasitumike kama msingi pekee wa kumchukulia mwanafunzi hatua. Chuo kinachodai sifuri kinadai kitu ambacho mtengenezaji wa chombo hakukiahidi.

Imani nyingine zinazopotosha

"Nitaiuliza ChatGPT yenyewe kama iliandika." Mei 2023 mwalimu mmoja wa chuo cha Texas, Marekani, alifanya hivyo hasa. Aliibandikia insha za wanafunzi wake, ikakubali kuwa imeziandika, akawaambia darasa zima watapata alama ya "X", ya kozi isiyokamilika. Wanafunzi waliokuwa wanahitimu wakajikuta wanazuiliwa alama. Chuo kikaingilia, kikasema hakuna aliyefelishwa kwa sababu hiyo. ChatGPT haina daftari la kila ilichokiandika kwa kila mtu. Ukiiuliza, inatunga jibu linaloelekea kufuata swali lako, kama inavyofanya siku zote.

"Mhadhiri mzoefu anaijua kazi ya AI kwa macho." Huenda anaijua kazi ya mvivu aliyesahau kufuta maneno ya mwanzo ya mashine. Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, kilipeleka majibu ya mitihani yaliyoandikwa na AI kwa majina ya wanafunzi 33 wa kubuni, bila wasahihishaji kujua. Kwa matokeo yaliyochapishwa 2024, asilimia 94 ya kazi hizo hazikushukiwa, na kwa wastani zilipata alama za juu kuliko za wanafunzi halisi.

"Kabla ya AI kazi zilikuwa za wanafunzi wenyewe." Waulize vijana wa Nairobi. Kwa miaka mingi maelfu ya Wakenya waliosoma wakakosa ajira waliishi kwa kuwaandikia insha wanafunzi wa Marekani na Uingereza, kazi safi, mpya, isiyofanana na yoyote iliyopo. Ripoti ya kufanana haikuiona, maana haikukopiwa popote. England iliifanya biashara ya kuuza insha kuwa kosa la jinai mwaka 2022, miezi michache tu kabla ChatGPT haijatoka. Kazi ya nyumbani inayoletwa imekamilika haikuwahi kuwa ushahidi wa nani kaiandika. AI imeshusha bei tu.

Je, inaua kujifunza?

Hili ndilo swali ambalo mabishano ya asilimia yametusahaulisha, nalo ndilo zito. Matumizi yenyewe hayazuiliki tena: uchunguzi wa HEPI, taasisi ya Uingereza inayochambua sera za elimu ya juu, mwaka 2025 ulikuta asilimia 92 ya wanafunzi wa shahada ya kwanza wanatumia AI kwa namna fulani, kutoka 66 mwaka uliotangulia.

Majaribio mawili yanasaidia kuelewa. La kwanza lilifanyika shule ya sekondari Uturuki, kwa karibu wanafunzi elfu moja wa hisabati. Waliopewa ChatGPT ya kawaida wakati wa mazoezi walifanya vizuri kwa asilimia 48 kuliko wasiokuwa nayo. Siku ya mtihani, ilipoondolewa, wakafanya vibaya kwa asilimia 17 kuliko wale ambao hawakuwahi kuishika. Kundi jingine lilipewa AI iliyofungwa isitoe jibu, itoe dokezo tu. Hao walifanya vizuri zaidi kwenye mazoezi, na kwenye mtihani hawakuanguka.

La pili ni la chuo kikuu, Harvard, kwenye somo la fizikia, wanafunzi 194. Walijenga mkufunzi wa AI aliyeandaliwa na walimu wenyewe: hatua moja kwa wakati, swali kabla ya maelezo, suluhisho sahihi zimewekwa ndani ili isibuni. Wanafunzi walijifunza zaidi, kwa muda mfupi zaidi, kuliko walipokuwa kwenye darasa zuri la mijadala juu ya mada zilezile.

Teknolojia ni ileile. Kilichotofautiana ni nani alifanya kazi ya kufikiri. Ndiyo maana kampuni zenyewe zimeanza kutoa matoleo ya kusomea yanayouliza maswali badala ya kumwaga majibu, na mwaka 2025 mfumo wa vyuo wa California State ulitangaza kuwapa ChatGPT wanafunzi zaidi ya 460,000. Kuwapa chombo ni rahisi. Kuandaa kazi inayomlazimisha mwanafunzi afikiri akiwa nacho ni kazi ya mwalimu, na haina njia ya mkato.

Vyuo vifanye nini badala ya kuwinda

Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, kimegawa tathmini katika njia mbili. Njia ya kwanza ni mitihani inayosimamiwa: kwenye chumba cha mtihani, kwa mdomo, maabara, mbele ya mtu. Huko ndiko chuo kinakojua mwanafunzi anaweza nini akiwa peke yake. Njia ya pili ni kazi za wazi, ambako AI inaruhusiwa na mwanafunzi anaeleza aliitumiaje. Hakuna njia ya katikati ambapo AI "imekatazwa" kwenye kazi ya kufanyia chumbani kwako usiku, kwa sababu katazo lisiloweza kusimamiwa linamwadhibu mtiifu tu.

Naipenda busara hiyo, lakini nisijifanye sijui madarasa yetu. Mhadhiri mwenye wanafunzi 400 akitaka kumhoji kila mmoja dakika 5 anahitaji zaidi ya saa 33, kwa kozi moja. Hapo kuchagua kwa nasibu kunasaidia: wote wajue kwamba yeyote anaweza kuitwa aeleze kazi yake, kisha waitwe 40. Kwa tasnifu tuna bahati zaidi, maana mwanafunzi ana msimamizi anayepaswa kumwona mara kwa mara. Msimamizi aliyeona pendekezo likibadilika, akaona dodoso likirudi kutoka uwandani na vumbi lake, akaona sura ya nne ikiandikwa mara tatu, hahitaji namba ya mashine. Tatizo ni pale msimamizi anapoiona kazi mara ya kwanza ikiwa imekwisha, ndipo anapoikimbilia ripoti imwambie kile ambacho angekijua kwa kukutana na mtu.

Na wewe mwanafunzi uliyeitwa na kamati, usiende na ripoti ya kitambuzi kingine kinachosema sifuri. Namba mbili zinazogongana hazimshawishi mtu. Wala usiipitishe kazi kwenye programu za kuficha AI kabla ya kuirudisha, maana sasa umeigusa kazi yako kwa mashine kweli. Nenda na historia yake. Kama uliandika kwenye Google Docs, fungua historia ya matoleo uonyeshe siku kwa siku sentensi zilivyoingia na kufutwa. Kama uliandika kwenye Word, peleka mafaili ya zamani uliyomtumia msimamizi, pamoja na barua pepe zenyewe. Beba daftari la uwandani, rekodi za mahojiano, makala ulizosoma zikiwa na mistari uliyopigia. Kisha omba, kwa maandishi, kuhojiwa kwa mdomo juu ya kazi hiyo: kwa nini ulichagua sampuli ile, jedwali la pili linasema nini, mwandishi fulani unampinga wapi.

Nakala ya barua hiyo ibaki kwako, ikiwa na mhuri wa kupokelewa. Na iwe na maswali matatu ambayo kamati inapaswa kuyajibu kwa maandishi: ni kitambuzi gani kilitumika, mtengenezaji wake anasema kinakosea mara ngapi kwa waandishi kama wewe, na mbali na asilimia hiyo, kuna ushahidi gani mwingine?